Vidole, Neva na Tromboni

Mtu wa kwanza kugundua kwamba mikono yangu inaumwa alikuwa Afande Emuron, mkuu wa bendi yetu ya polisi. Tulikuwa kwenye mazoezi ya asubuhi, tunapiga machi moja ya haraka ambayo klarineti hupanda na kushuka kama watu wanaokimbizana kwenye ngazi. Akainua kijiti chake, bendi nzima ikanyamaza.

"Okot, vidole yako inachelewa."

"Ni baridi, afande."

"Baridi iko kwa kila mtu hapa. Wewe peke yako ndiyo unachelewa."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilikuwa klarineti ya kwanza kwa miaka mingi. Vidole hivyo ndivyo vilivyonitoa kijijini kwetu Kitgum, vikanivalisha sare, vikanipatia nyumba katika kambi ya Naguru. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja vitanigomea.

Naandika haya sasa, ubaya wenyewe ukiwa umepita, kwa ajili yako wewe unayekaa ukingoni mwa kitanda asubuhi ukiitazama mikono yako kama ya mtu mwingine. Mimi si daktari. Nitakwambia yaliyonipata tu, na mengine utacheka, maana hata mimi siku hizi nayacheka.

Ilianza na mvua za Machi. Kila nikiamka, viungo vya vidole vimevimba, vina joto, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Kufunga ngumi siwezi. Nikishusha miguu, sakafu naiona kama imemwagiwa maharage makavu. Kufika saa nne nalegea kidogo, mchana nakuwa mtu, jioni nachoka kama niliyeshinda shambani. Nilipimwa malaria, nikatibiwa malaria. Nikapimwa taifodi, nikatibiwa taifodi. Kaka yangu alipiga simu kutoka Kitgum, akasema waziwazi kwamba kuna mtu kwenye bendi anayekitaka kiti changu, nichunguze ni nani anayenipa mkono wa salamu kwa muda mrefu. Nikawachunguza. Aliyeshika mkono kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa mpiga ngoma kubwa, na huyo hata ungempa klarineti bure angekuuliza inaliwa na nini.

Mke wangu, Zaituni, ni Mnubi wa Bombo. Yeye anaswali, mimi naenda misa, na binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa shule ya bweni, ana majina mawili: Achan kwangu, Halima kwa mama yake. Zaituni alinikanda kwa mafuta ya simsim yaliyochemshwa na vitunguu saumu. Nikawa nanukia kama sambusa, lakini uvimbe haukushuka. Ndiye aliyesema, "Baba Halima, malaria haichagui vidole. Twende hospitali kubwa."

Kliniki ya viungo ilikuwa upande wa Wandegeya, siku moja kwa wiki, na watu walikuwa wengi. Tulikaa kwenye mabenchi ya mbao. Mtu mmoja akiitwa, benchi zima linasogea nafasi moja, na kwa watu wa viungo kusogea ni kazi: huyu anaguna, yule anamcheka aliyeguna, kisha naye anaguna. Nilikuwa nimekunja mikono kwapani, naona aibu, wakati mama mmoja aliyevaa kitenge cha maua makubwa aliponigeukia.

"Papa, weye unaumwaka wapi?"

"Vidole. Na nyayo."

"Asubuhi?"

"Asubuhi, mama."

"Basi weye ni mutu wa kwetu."

Alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, anayeuza vitenge mjini. Alinionyesha mikono yake. Viungo viwili vitatu vilikuwa vimepinda kidogo, lakini alikuwa akiichezesha kama mtu anayecheza kinanda. "Miye nilianzaka na magoti," akasema. "Walikuwa wananibeba mpaka kwa choo. Sasa balo ya vitenge ninabeba mwenyewe. Usiogope." Kabla ya zamu yangu kufika alikuwa amekwisha kunifundisha kunywa chai kwa kushika kikombe na viganja viwili, kuzungushia ufunguo kitambaa kinene, na kutompa mkono mwanamume yeyote aliyetoka kushinda kesi.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, Dokta Nakku. Alipoona mimi ni polisi akaniongelesha Kiswahili, maana huku kwetu polisi na Kiswahili vinakwenda pamoja. Chake kilikuwa cha Kampala kabisa, l na r zimebadilishana viti, lakini nilimwelewa vizuri kuliko wote walionisemesha Kiingereza cha hospitali. Akabonyeza kiungo kimoja kimoja, akaagiza damu na picha, na tuliporudi na majibu akatuambia.

"Hii inaitwa rumatoidi. Ile nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa imekosea njia, inapiga viungo yako yenyewe. Haiishi kabisa, ssebo. Lakini inatulia."

Zaituni akauliza, "Inatulia kabisa, dokta?"

"Kuna watu wangu wanacheza mpira."

Tulitoka pale na neno hilo, inatulia, tukalibeba mpaka nyumbani kama watu waliobeba mayai.

Dawa yenyewe ilikuwa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Mimi nilimeza Ijumaa, na Jumamosi nzima sikutaka kusikia hata harufu ya chai. Kwa miezi ya mwanzo nilipewa pia vidonge vya kushusha uvimbe haraka. Hivyo vilinipa njaa ya ajabu, na uso ukawa mviringo. Zaituni akanitazama siku moja nikila sahani ya pili ya posho, ule ugali wetu, akasema, "Sasa umefanana na kamishna. Bado gari tu." Kila baada ya muda nilitolewa damu waangalie ini. Nikakatazwa pombe, na hapo ndipo bendi iliponihurumia kweli. Vidole walikuwa wamevichukulia kawaida.

Kiangazi cha Juni kilipoingia, ngumi ilikuwa imeanza kujifunga nusu. Ndipo Afande Emuron aliponiita pembeni. Kulikuwa na gwaride kubwa linakuja na alihitaji klarineti ya kwanza isiyochelewa. Kiti changu akampa askari aliyekuwa akikaa nyuma yangu.

"Ni ya muda tu, Okot. Wewe utaangalia stoo ya vyombo."

"Ndiyo, afande."

Alikuwa sawa, na hilo ndilo lililonichoma. Nilifika nyumbani nikaisukuma klarineti yangu chini ya kitanda, nikaacha kupuliza kabisa. Mchana nilikaa stoo napangusa vyombo vya wenzangu. Usingizi ukakatika. Nikawa nasaga meno, nanyamaza, nanuna. Vidole vikavimba tena, safari hii pamoja na magoti, viwiko, na hata taya. Kutafuna nyama ikawa shughuli ya kupanga.

Asubuhi Zaituni alikuwa ananifunga vifungo vya sare. Siku moja nikamwondoa mkono kwa ukali.

Akasimama pale. "Unanikasirikia mimi ama unakasirikia ugonjwa?"

"Sijakasirika."

"Basi funga mwenyewe."

Nilikwenda kazini na shati wazi mpaka kifuani, kama mwimbaji wa baa. Naye alikuwa amechoka. Kufua ni yeye, kukamua nguo ni yeye, kuchota maji ni yeye, na shukrani yake ni uso wa mtu aliyefiwa. Wiki hiyo akaniambia anakwenda Bombo kwa mama yake kupumzika kidogo. Hakugomba. Alikunja nguo zake polepole, akanipikia maharage ya kutosha, akaenda.

Nyumba ilinyamaza vibaya. Nilikuja kugundua kwamba siwezi kufungua flaski ya chai. Kifuniko kilikuwa kigumu, na kila asubuhi nililazimika kuvuka kiwanja na flaski mkononi mpaka kwa jirani yetu, anifungulie. Jirani alivumilia siku chache, kisha akampigia Zaituni simu. Sikujua hayo mpaka nilipomwona mke wangu mlangoni, begi begani.

"Nimesikia flaski imekushinda."

Sikujua kama anatania au la, mpaka nilipoona mdomo wake unatetemeka. Tukacheka mpaka taya likaniuma, nikawa nalia na kucheka pamoja. Nikamwomba radhi. Akasema radhi ataipokea baada ya kunywa chai, na akaifungua flaski mwenyewe.

Tulikwenda kliniki pamoja wiki hiyo. Dokta Nakku akanibonyeza viungo, akatikisa kichwa, kisha akauliza kitu nisichokitegemea.

"Unarara?"

"Dokta, nimekuja na vidole."

"Nimeviona. Nauliza unarara."

"Halali," Zaituni akasema. "Anageuka kama chapati."

Dokta akavuta kiti karibu. Akasema ataongeza dawa, hilo la kwanza. Kisha akaweka kidole chake chini ya sikio langu, akakishusha polepole shingoni mpaka kifuani. "Kuna neva moja lefu sana inapita hapa. Inatoka kwa kichwa, inapita kwa moyo, mpaka huko tumboni. Kazi yake si moja. Ikisikia mwili umewaka moto mahali, inapeleka habari kwa ubongo. Halafu ubongo inarudisha neno kwa neva: sasa imetosha, punguzeni. Uvimbe ni kitu ya mwili kujilinda, lakini lazima mtu aiambie iache. Hiyo neva ni mmoja wa wale wanaosema iache."

"Na yangu imekufa?" nikauliza. Niliogopa kweli.

Akacheka. "Haijakufa. Lakini mtu asiyerara, aliyenuna, aliye na hofu kila saa, neno ya kutuliza inakuwa dogo. Ile ya vita ndiyo inasikika." Akaniambia kuna nchi ambako madaktari wanaweka kifaa kidogo mwilini cha kuigutusha neva hiyo kwa umeme, na baadhi ya wagonjwa wa viungo wamepata nafuu. Huku kwetu hakuna bado. Lakini usingizi upo, kutembea kupo, na pumzi ipo. "Vuta pumzi, kisha uitoe porepore, lefu kuliko ulivyovuta. Moyo unapunguza mbio. Huyo ni neva anafanya kazi. Kama inashusha uvimbe wa vidole, na kiasi gani, watu bado wanachunguza, siwezi kukudanganya. Lakini haitakudhuru, na utarara. Dawa usiache hata wiki moja."

Nikajaribu pale pale. Nilivuta, nikatoa. Nilitoa mpaka dokta akatazama saa ya ukutani.

"Wee! Umejifunza wapi?"

"Ni kazi yangu, dokta. Napuliza klarineti."

"Bado unapuliza?"

"Niliacha. Vidole havifiki kwenye matundu."

"Ah," akasema, na akaandika dawa.

Tulishuka kwenda kupanda gari. Tulipita pale Wandegeya wanapochoma kuku, moshi umejaa barabarani, wanafunzi wa chuo wakigombea mapaja. Ghafla Zaituni akasimama.

"Baba Halima, hakuna tarumbeta isiyo na matundu?"

Nilitaka kumcheka. Nikaanza hata kumweleza kwamba tarumbeta haina matundu ila ina vitufe, na vitufe navyo vinataka vidole. Kisha mdomo wangu ukabaki wazi. Stooni, nyuma ya ngoma zilizochanika, kulikuwa na tromboni ya zamani ambayo nilikuwa nikiipangusa vumbi kila wiki. Tromboni haiulizi vidole. Unashika ule mkono wake mrefu kwa kiganja, unausukuma na kuuvuta, na bega ndilo linalofanya hesabu.

Afande Emuron alinisikiliza akiwa amekunja uso.

"Umri huu, Okot? Mdomo wa klarineti si mdomo wa tromboni."

"Najua, afande."

"Haya. Jaribu mpaka msimu wa nsenene, wale panzi wa Novemba. Ukishindwa, stoo inakungoja."

Sasa sikia mateso ya majirani zangu. Kila asubuhi, viungo vikianza kulegea, nilikwenda nyuma ya kambi karibu na shimo la takataka, mahali ambapo wasikilizaji wangu walikuwa makaroli tu, wale ndege warefu wenye upara. Dawa iliyoongezwa ilikuwa bado haijashika vizuri, kwa hiyo sikuweza kusukuma mkono wa tromboni mbali. Nilipiga noti moja tu. Noti moja, ndefu, mpaka pumzi iishe kabisa, kisha nyingine. Ilitoka sauti ya kutisha. Makaroli waliruka. Jirani yule wa flaski aliniuliza kwa heshima zote, "Afande Okot, huyo ng'ombe atazaa lini?"

Lakini nilikuwa napumua. Hilo nililisikia kabla ya kusikia kitu kingine chochote. Tangu kiti changu kichukuliwe nilikuwa napumulia juu juu, kama mtu anayechungulia dirishani. Sasa kifua kilifunguka, mabega yalishuka, na nikimaliza nilihisi tumbo limelegea na njaa ya kawaida inaniuma, si ile njaa ya vidonge. Zaituni akawa ananisindikiza jioni kutembea mpaka Bukoto sokoni na kurudi, polepole, tukinunua nyanya tusizozihitaji. Nikaanza kulala. Kulala kwa kawaida tu, kukoroma na kuamshwa. Ukiwa mzima hujui kwamba kuamshwa na mtu ni raha.

Kwenye benchi la kliniki nilimsimulia Mama Furaha habari ya neva. Alisikiliza, akaishika shingo yake kana kwamba anamtafuta huyo mgeni ndani. "Kumbe ndiyo maana," akasema. "Siku habari mubaya inatoka kwetu Bukavu, magoti yangu inajua mbele ya kichwa. Na siku ninaimbaka kwa kanisa, ninarudi nyumbani mwepesi." Kisha akaimba kidogo pale pale, kwa sauti ya chini, na wagonjwa wa benchi la nyuma wakaitikia. Nesi alitoka kutunyamazisha, akasikiliza ubeti mmoja, akarudi ndani.

Nilipomwonyesha dokta ngumi yangu, imefungwa karibu yote, nilimwambia kwa majivuno kwamba tromboni imeniponya. Akanikata maneno.

"Usiende kuwadanganya watu. Dawa nimeongeza, imeshika. Kurara umerara. Tromboni unapiga. Mimi mwenyewe siwezi kutenganisha hii na hii. Endelea na yote."

Basi nami sikudanganyi. Kama uko mwanzoni, usiitupe dawa yako kwa sababu polisi mmoja wa Naguru alipuliza chuma karibu na takataka. Meza, pimwa damu, vumilia zile Jumamosi. Lakini ukiulizwa kama unalala, usione kama wanapoteza muda wako. Na mtu akija kukufunga vifungo, mwache afunge, umwambie asante siku hiyo hiyo. Siku mbaya bado ninazo; mvua zikianza, au nikigombana na mtu, kidole kimoja kinajitokeza kuja kusalimia. Namwambia Zaituni mapema, kabla sijanuna. Yeye anajibu, "Nimeiandika taarifa yako," kama askari wa zamu, na tunaendelea na chai.

Msimu wa nsenene ukafika na mvua za Novemba. Panzi wale wa kijani walijaa kwenye taa za mji, na Zaituni akaja na furushi zima. Tulikaa kibarazani tukiwachambua kabla ya kuwakaanga, kuondoa mabawa na miguu, kazi ya vidole vyembamba visivyo na maumivu. Nilimchambua mmoja, nikamchambua mwingine. Zaituni alisogeza tu sinia karibu nami, kisha akaongeza panzi upande wangu, mpaka nikawa na wengi kuliko yeye.

Siku chache baadaye Afande Emuron akaja mwenyewe nyuma ya kambi. Alisimama na mwavuli wake, makaroli wakimtazama. Nilimpigia wimbo wa kanisani wa polepole, nao nikaumaliza. Hakusifu. Alisema, "Noti ya katikati iko chini kidogo. Jumatatu mazoezi saa mbili." Akaondoka. Nilibaki nimesimama pale nikitoa pumzi ndefu bila chombo chochote mdomoni.

Gwaride langu la kwanza na tromboni lilikuwa mwanzoni mwa mwaka uliofuata, jua kali, barabara imefungwa, watu wamejipanga pande zote mbili. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo miaka yangu yote ya bendi sikulitia akilini. Klarineti huenda katikati, zimefichwa kati ya saksofoni na ngoma. Zaituni alikuwa amekuja kwenye magwaride mengi na hakuwahi hata mara moja kuniona, alikuwa akirudi nyumbani akisema, "Nilisikia kitu kama wewe." Lakini tromboni hazifichwi. Ule mkono mrefu unahitaji nafasi, usije ukampiga mwenzako kisogoni, kwa hiyo tromboni hutembea mstari wa mbele kabisa wa bendi nzima.

Afande akatoa amri, ngoma zikaanza, tukapiga hatua. Mbele yangu hapakuwa na mgongo wa mtu. Palikuwa na barabara tupu, jua, na watu. Magoti yalinibeba. Tulipokata kona nikamwona Zaituni upande wa kushoto, gauni lake la Iddi, viatu mkononi, anakimbia sambamba nasi nyuma ya kamba, anawasukuma watu asiowajua.

"Huyo wangu!" alikuwa anapiga kelele. "Huyo wa mbele! Huyo ni wangu!"

Nilitaka kucheka, lakini noti niliyokuwa nayo ilikuwa ndefu, na mpiga tromboni akicheka noti inakufa. Nikaishika. Nikaitoa polepole mpaka mwisho wake, machozi yakinilengalenga, na yeye alikimbia pembeni mwangu mpaka ikaisha.